Wimbi Nililomfundisha Judith

Mimi ni Severini, mwana wa Wilfred aliyekuwa katekista, mjukuu wa Raphael aliyebeba mawe ya kujengea kanisa la misheni. Hakuna kati yao aliyepata kuitwa mwongo. Mimi mwenyewe nilifundisha Fizikia miaka thelathini na mmoja.

Mwezi wa sita, mjukuu wangu Judith, anayesomea upigaji picha za meno kwa eksirei, alikuja kwangu Bigwa kujiandaa na mtihani. Nilifunga kamba kwenye nguzo ya banda la mbuzi, nikaitikisa kwa mkono mzima ili aone wimbi.

"Ona inavyochosha. Wimbi refu ndilo lenye nguvu. Ndilo linalopenya jino."

"Babu, mwalimu wetu alisema fupi."

"Huyo mwalimu wako alizaliwa lini?"

Akacheka.

Siku mbili baadaye, akiwa bondeni anamwagilia karoti, nilifungua daftari lake. Mawimbi ya redio, ya mwanga na ya eksirei, yote husafiri kwa kasi moja mahali pasipo na hewa; kwa hiyo lililo fupi hutikisika mara nyingi zaidi kwa sekunde, na nishati yake ni kubwa zaidi. Nilikuwa nimechanganya urefu wa wimbi na kimo chake. Nikalifunga daftari. Judith alipopanda na ndoo, nilimwuliza habari za karoti.

Alifeli.

"Shikamoo, babu," alisema aliporudi. "Nitarudia Jumatatu. Nikianguka tena, naondolewa chuoni."

"Uliulizwa nini?"

"Kwa nini eksirei hupenya jino. Niliandika wimbi lake ni refu."

Sikuitikia hata salamu. "Nilikosea, Judith. Na nilijua kabla hujaondoka."

Alitua mkoba wake chini.

"Kwamba umekosea nilijua, babu. Ningeandikaje wewe ni mwongo? Hilo la pili ndilo ambalo sikulijua."

Nilimwomba anifundishe somo lote upya, nami nikaandika kama mwanafunzi. Hakunitania hata mara moja, naye ni mtu wa utani. Kesho ataingia kwenye chumba cha mtihani, na sina la kumsaidia.

Ninyi wajukuu mnaosoma haya: niamkieni, nipokeeni mzigo. Lakini nikikosea, niambieni usoni, na mrudie kuniambia hata nikikunja uso. Na kwenye karatasi ya mtihani andikeni lililo kweli, si langu. Siombi, naagiza.