Umemwona Mwanamke Huyu?

Wazo la mabango lilikuwa la Mpigadebe, na asikudanganye mtu kwamba lilikuwa la mwingine, maana yeye mwenyewe alilitangaza wiki nzima kwa kila mwenye masikio. Jina hilo alipewa na dada yake, mwongozaji wa filamu, kwa sababu tangu utotoni akiwa na jambo lake, mtaa mzima utalijua kabla chai haijachemka. Dada alitengeneza filamu. Kazi ya Mpigadebe ilikuwa kuhakikisha watu wanakuja kuitazama. Filamu huru, waliiita, na kweli ilikuwa huru: haikuwa na mfadhili, haikuwa na kampuni nyuma yake, wala ofisi ya maana. Walikuwa na chumba kimoja juu ya kibanda cha fundi viatu, chenye meza, kompyuta iliyozeeka na viti viwili, kimoja kizima na kingine cha kukaliwa kwa adabu.

Filamu ilimhusu mwanamke anayetoka nyumbani kwake asubuhi moja na kutorudi. Basi Mpigadebe akasema, mabango ya sinema nani anayasoma siku hizi? Tubandike tangazo la mtu aliyepotea. Iwepo picha ya mwigizaji mkuu, juu yake maneno UMEMWONA MWANAMKE HUYU?, na chini namba ya simu. Kusiwe na jina la filamu wala la ukumbi. Mtu akipiga, atapokelewa na sauti ya mwigizaji mwenyewe, iliyorekodiwa: "Mimi nipo. Sijaenda mbali. Njoo unione Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa maktaba."

Dada aliguna. "Huoni kama tunacheza na roho za watu?"

"Tunacheza na watu wenye simu, dada. Niachie mimi."

Aliyebaki kukubali ni mwigizaji. Walimwita Nyota kwa kumtania, kwa sababu hakuwa na unyota wowote: fundi cherehani aliyekuja kupima mavazi ya filamu, Dada akamsikia anavyosoma maneno ya mhusika kwa kujifurahisha, ikawa basi. Kuigiza alikubali. Kupigwa picha ya bango alikataa, mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu, Mpigadebe alipombembeleza hadi koo kumkauka, aliuliza, "Mtayabandika wapi?"

"Kila penye ukuta."

Nyota aliuviringa uzi kidoleni. "Sawa," akasema. "Bandikeni."

Mpigadebe akadhani ni maringo yamemwisha.

Jumapili walibandika mabango mia tatu. Kufikia Jumatano watu walikuwa wamepiga ile namba zaidi ya mara mia sita, na Mpigadebe alikuwa akiimba peke yake mbele ya kompyuta. Orodha ya simu zote ilikuwa pale. Kulikuwa na mmoja aliyepiga mara arobaini na moja kwa siku tatu.

"Dada, njoo uone! Huyu tumpe kiti cha mbele. Huyu anatupenda kuliko mama yetu."

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla filamu haijatoka, Dada akiwa ukumbini kujaribu mitambo, mtu akabisha hodi. Aliingia mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, mkononi ana bango lililokunjwa ambalo gundi yake ilikuwa bado na vipande vya chokaa.

"Nani mwenye kazi hii? Jina la mchapaji lipo hapa chini, ndiye aliyenielekeza."

"Ni mimi!" Mpigadebe aliruka kutoka kitini. Alidhani ni mwandishi wa gazeti.

"Hili nimelibandua kwenye ukuta wa shule ya mwanangu."

"Ah, baba, samahani sana. Kama ni habari ya ukuta, tutapaka rangi."

"Huyu ni mke wangu."

Mpigadebe aliangua kicheko. "Shemeji! Kumbe Nyota ana mtu wake na hatuambii? Karibu, kaa, kile kiti kizima ndicho chako."

Yule bwana hakukaa. Alilikunjua bango, akaliweka mezani, akalilainisha kwa kiganja kama anayenyoosha shuka.

"Miaka saba iliyopita alitoka nyumbani, akasema anarudi sasa hivi. Binti yetu alikuwa na miaka miwili. Nilimtafuta hospitali zote, vituo vya polisi vyote, kwa ndugu zake wote, mpaka nikaishiwa nguvu. Mtoto akaanza kuuliza. Kila siku, mama yuko wapi, mama anarudi lini. Mwisho nikamwambia amekufa."

Mpigadebe alidhani hakusikia vizuri. "Umemwambia nini?"

"Amekufa. Alipokua kidogo akataka kuona alipozikwa. Kuna kaburi moja halina jina, kule pembeni mwa makaburi. Nikamwonyesha lile. Tunakwenda kila mwaka. Analifagia mwenyewe, hataki nimsaidie."

Kicheko kilikuwa kimeshakwisha zamani.

"Jumatatu akamwona ukutani. Nyumbani ana picha ya mama yake, anaijua kuliko sura yake mwenyewe. Hakuniambia kitu. Amekuwa akichukua simu yangu kwa siri. Jana usiku ndipo nikaona. Amepiga hiyo namba mara arobaini na moja."

Mpigadebe alikaa, na alikalia kile kiti kibovu, kikamyumbisha, asijali. Mimi nipo. Sijaenda mbali. Mara arobaini na moja mtoto ameyasikia hayo kwa sauti ya mama yake, na yeye alikuwa anaimba hapa. Aliona aibu, aibu ya kutaka ardhi ipasuke immeze.

"Leo asubuhi ameniuliza swali moja tu," bwana yule akaendelea. "Kwamba pale kaburini huwa tunamfagilia nani. Nimekuja nijue kama ni yeye kweli, na kama ni yeye, yuko wapi."

"Na mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Chini hapo. Nimemwambia anisubiri kwenye benchi la fundi viatu."

Mpigadebe aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika mbili. Saa nne Nyota alitakiwa kufika ili waende wote kwenye mahojiano ya redio, na Nyota hakuwa mtu wa kuchelewa. Hakueleza kitu. Alishuka ngazi mbilimbili, yule baba nyuma yake.

Walikuwa wamekaa pamoja. Mtoto alikuwa na sare ya shule, mfuko wa madaftari juu ya magoti. Nyota alikuwa pembeni yake, miguu imepangwa vizuri, uso mkavu na mtulivu, kama mtu anayesubiri kiatu chake kishonwe. Fundi aligonga soli zake bila kuwaangalia.

Mtoto alisimama. "Baba, siye."

"Siye nini?"

"Anafanana naye, lakini siye. Nimemwambia jina langu lote, na la kwako, na la babu. Nimemwambia mpaka habari za kaburi. Hajashtuka hata kidogo. Mama angeshtuka."

Baba na Nyota walitazamana juu ya kichwa cha mtoto. Mpigadebe aliliona jicho lile, na halikuwa la watu wasiojuana.

"Una hakika?" alimuuliza mtoto, lakini macho yalikuwa kwa Nyota, yanampa nafasi.

Nyota aliinama, akatoa kipande cha uzi kwenye gauni lake.

"Nina hakika," alisema mtoto. "Na yale ya kwenye simu ni ya filamu tu. Ameniambia."

Mpigadebe alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, ndiye, ndiye huyu. Yule baba alimtikisia kichwa polepole, mara moja, na neno likarudi lilikotoka. Aliyeshindwa kunyamaza tangu azaliwe alinyamaza siku hiyo, na mpaka leo hajui kama alitenda haki.

"Basi muombe radhi, twende," baba alisema kwa shida. "Umeshachelewa shule."

Mtoto alimgeukia Nyota, akapiga goti kidogo. "Samahani, shangazi. Nilikufananisha."

"Hamna neno," alijibu Nyota.

Wakaondoka wakiwa wameshikana mikono. Mtoto alikuwa akiongea, mara akaruka dimbwi, kama aliyetuliwa mzigo. Baba yake hakugeuka nyuma.

Mpigadebe alisubiri mpaka walipokata kona. "Ulimjua?"

"Nilimjua kabla sijakaa."

"Sasa wewe ni mtu wa namna gani?" Sauti ilimpanda, wapita njia wakageuka. "Mtoto anakutajia jina lake, unamkazia uso! Si ungesema tu?"

"Niliogopa." Nyota aliibana mikono katikati ya magoti. "Ningesema ni mimi, angeniuliza nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

Fundi viatu aliacha kugonga.

"Nyuma ya soko," alisema Nyota. "Kutoka kwao ni vituo viwili vya basi. Kila mwaka nawaona dirishani kwangu wakipita, yeye ameshika fagio na baba yake ameshika maua. Nilikuwa nasema moyoni, maskini, hawa wangu wamefiwa na nani?"