Mawele Kwenye Rejeta

Mume wangu Gombo hajawahi kumpelekea fundi gari lake. Huku kwetu nyikani kila mwanamume ni fundi, na asiye fundi hupanda farasi. Lile gari la Kirusi alilijua kuliko anavyonijua mimi, na nilikuwa nikimwambia hivyo mbele za watu.

Majira ya majani kukauka, rejeta ilianza kuvuja. Gombo alilala chini ya gari asubuhi nzima, akatoka ana masizi mpaka masikioni.

"Nahitaji mawele," akasema.

"Una njaa?"

"Si mimi. Rejeta."

Mama yake, Dulamsuren, alicheka mpaka akapaliwa. Mawele yale ya kutia kwenye chai ya maziwa aliyakaanga kwa mkono wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

"Magari ya wenzio yanakunywa mafuta, la kwako linakula na nafaka! Haya, chukua. Lakini likishiba lijue kushukuru."

Gombo akatia viganja viwili. Mawele yakavimba humo ndani, yakaziba ufa, na rejeta haikutoa tena hata tone. Akawa anatembea kifua mbele. Mimi nilimwambia anunue rejeta nyingine, akaniuliza tangu lini nimekuwa fundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa chakula cha mama yako.

Baridi ya kwetu hupasua chuma. Anayetia maji ya kisima kwenye gari lazima ayamwage yote kila jioni, kupitia koki mbili, ya rejeta na ya injini, kisha asubuhi achemshe mengine. Anayesahau husahau mara moja tu.

Gombo hakusahau. Ndiyo maana nimeshindwa kumkasirikia mpaka mwisho, ingawa nilijitahidi.

Siku moja ya baridi kali Mama Dulamsuren alizidiwa. Kifua kilimbana, pumzi zikawa za kuvuta kwa taabu. Theluji ilikuwa imefunika njia na giza lilikuwa linaingia, tukakubaliana kumpeleka hospitali ya wilaya kukipambazuka. Gombo akafungua koki zake. Ya rejeta ilimwaga vizuri. Ya injini ilitoa maji membamba, ikadondosha, ikakoma. Siku nyingine huichokoa kwa waya ahakikishe, na waya alikuwa nao mkononi. Mama akamwita kutoka ndani ya hema letu. Akauweka waya juu ya bampa, akamkimbilia.

Asubuhi tulimvika Mama joho lake la ngozi ya kondoo. Nikasimama nje na upawa wa maziwa, ya kurashia nyuma ya magurudumu ili safari iwe njema. Siku zote kazi hiyo ilikuwa ya Mama. Gombo akamimina maji ya moto kwenye rejeta, tukayasikia yakichuruzika juu ya theluji. Akamimina birika jingine. Nalo likapita. Akainama kutazama ubavu wa injini, halafu akakaa chini.

"Imepasuka," akasema.

"Kitu gani?"

"Injini. Maji yalibaki ndani yakaganda. Koki iliziba."

"Iliziba na nini?"

Alijua, na mimi nikajua. Maziwa yalikuwa yameganda kwenye upawa.

Akapanda farasi kumfuata jirani yetu Chuluun, ng'ambo ya vilima, aliyekuwa na gari zima. Nikarudi ndani kwa Mama.

"Mbona hatuondoki, mwanangu?"

"Gari limeharibika, Mama. Gombo amemfuata Chuluun."

"Tena? Basi nipe chai. Tia mawele."

Nikatia, nikamshikia bakuli. Akanywa mafunda mawili, akakaa akivuta pumzi.

"Gari limekula mengi yangu," akasema. "Mwambie Gombo nimelisamehe."

Alikuwa anatania. Hakujua chochote, wala mimi sikumwambia. Nilimshika mkono. Pumzi zake zikawa fupi, zikaachana, mwishowe nikawa nasikia jiko peke yake.

Gari la Chuluun lilipotokea nilitoka nje kulipokea. Gombo aliruka kabla halijasimama.

"Yuko tayari?"

Bado nilikuwa nimeshika bakuli lake la chai. Gombo akalitazama bakuli, akanitazama usoni, akaelewa.

Theluji ilipoyeyuka aliifungua ile koki. Akayachokoa mawele kwa ule ule waya, yametota na kuwa kama uji, akayakusanya kwenye kiganja. Nilikuwa na neno la kumchoma, neno nililolihifadhi tangu siku ya msiba, kwamba nilimwambia anunue rejeta. Nikamwendea nikiwa nalo mdomoni.

"Mama aliyakaanga mwenyewe," akasema, na hakujua ayaweke wapi.

Nikakinga kiganja changu chini ya chake. Tukakaa pale kwenye matope, tukalia.