Mzee Anawaona

Kila mtu shuleni alimwita Kaimu, maana alikuwa amekaimu ukuu wa shule hiyo mpaka watu wakasahau kwamba ana jina. Hata mumewe nyumbani alimwita hivyo, "Kaimu, chai iko wapi?", kana kwamba na ndoa nayo alikuwa anaishikilia tu mpaka aje mwenyewe.

Basi Mzee, aliyeiongoza nchi tangu Kaimu akiwa binti wa shule, akafariki. Afisa elimu akapiga simu: atakuja darasa la pili kurekodi watoto wakimlilia marehemu, na video ipelekwe juu.

"Wakilia vizuri, mwalimu, lile suala lako la kuthibitishwa tunalimaliza palepale."

Kaimu alikata simu. Kulia ni kazi gani kwa darasa la pili? Wale wanalia hata kwa kunyang'anywa kifutio.

Asubuhi akasimama chini ya picha ya Mzee iliyotundikwa juu ya ubao, akakunja uso wa msiba. "Watoto, Mzee wetu ametutoka."

Chaki, binti mdogo wa dawati la mbele, aliyepewa jina hilo kwa kutafuna chaki, akanyoosha kidole. "Mwalimu, kwa hiyo sasa haoni?"

"Ataonaje, mwanangu? Amekufa."

Darasa zima likalipuka kwa shangwe. Wengine walipanda juu ya madawati. Chaki akaokota kipande cha chaki akakitia mdomoni mchana kweupe.

Haya Kaimu alijitakia mwenyewe. Fimbo ilipopigwa marufuku, naye anaitwa ofisini kila mara katikati ya kipindi, alijitafutia msaidizi: alikuwa akinyoosha kidole kwenye picha, anasema, "Mzee anawaona!", kisha anaondoka zake. Watoto walikuwa wakinywea mpaka arudi.

Aliwasimulia barabara na visima vya Mzee. Aliwabembeleza, akawafokea, akalia yeye mwenyewe ili wamuige. Wapi! Walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Wakiwa bado wanacheka, afisa akaingia na suti nyeusi, kwapani amebeba fremu.

"Tuanze na agizo kutoka juu," alisema. Akaishusha picha ya Mzee, akatundika ya kiongozi mpya.

Kiongozi mpya alikuwa amevaa miwani.

"Huyu anaona zaidi," mmoja alinong'ona nyuma. Chaki akatema chaki, akaangua kilio, na darasa zima likamfuata. Walilia kwa kwikwi, makamasi yakawachuruzika.

Afisa aliinua simu yake, machozi yanamlenga. "Uzalendo huo! Hongera, mwalimu mkuu."

Mwalimu mkuu! Bila kaimu mbele! Kaimu alijisikia mwepesi, na kwa kitambo kidogo kilio kile kilimpendeza masikioni.

Kisha Chaki akaja akajificha nyuma ya sketi yake. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. "Mwalimu, huyu anaona mpaka nyumbani?"

Kaimu aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Akachuchumaa, akamfuta mtoto uso.

"Haoni, mwanangu. Hata yule hakuwa anaona. Ni karatasi tu na kioo. Mimi ndiye niliyewadanganya."

Kilio kikakatika. Huko nyuma mtu akacheka, kisha mwingine.

Afisa alibaki na simu hewani. "Mwalimu mkuu, sijamaliza kurekodi! Waambie anaona." Akaitupia picha jicho, akarekebisha tai yake haraka haraka, na sauti ikashuka mpaka ikawa mnong'ono. "Na hayo mambo ya karatasi, tafadhali, usiyaseme hapa mbele yake."

Kaimu alimtazama yule mtu mzima na suti yake, akamwonea huruma kama anavyomwonea Chaki. Akamshika mtoto mkono.

"Waambie wewe, bosi," alisema. "Mimi ni kaimu tu."