Matobolwa ya Mathias

"Na wewe bibi, naomba ufungue mdomo," nesi alisema.

Gaudensia alishangaa. Aliyeletwa kliniki ni mjukuu wake, Mathias, mwenye madoa meupe kwenye meno machanga ya mbele. Hata hivyo alifungua. Nesi akamulika magego yaliyotoboka, kisha akauliza mtoto anakula nini.

"Matobolwa," Gaudensia alijibu kwa fahari. Viazi vyake vya kuchemsha na kukausha juani vilisifiwa Gongoni nzima. Kwa kuwa ni vigumu, yeye huvitafuna kwanza mpaka vilainike, ndipo humtilia mtoto mdomoni. Ndivyo alivyomlea Recheli, mama wa mtoto, aliyeketi pembeni yake.

Nesi hakumkaripia. Alisema mtoto huanza kupata vijidudu vya mdomoni siku ile ile anayozaliwa, kwa mama yake na kwa kila anayembusu, na vingi havina neno. Ila vinavyotoboa meno husafiri na mate ya wenye meno mabovu, na meno ya mtoto yakishaota, huhamia hapo.

Kwenye bajaji Recheli alisema, "Mama, kuanzia kesho nikienda sokoni Mathias atashinda kwa jirani, mama Tatu."

"Kwani mimi ni sumu?"

"Sijasema hivyo, mama."

Gaudensia aligeuzia uso barabarani mpaka nyumbani. Iliuma.

Alipofika hakuvua hata kitenge cha kutokea. Alitwanga matobolwa kwenye kinu, akayachekecha, akapika uji mzito wa maziwa. Alitaka kuuonja kwa ulimi, akajizuia, akadondosha tone mkononi.

"Recheli, njoo uone. Kijiko chake hiki. Changu kile. Havikutani."

Recheli alisimama mlangoni, mfuko wa nguo za mtoto begani.

Mathias alikikataa kijiko. Aliukodolea macho mdomo wa bibi, akisubiri utafune. Gaudensia alitamani kulia. Akabembeleza, akaimba, na mwishowe mtoto akapokea. Akaupenda. Kisha akautoa uji mdomoni kwa vidole, akausogeza kwenye midomo ya bibi yake.

Gaudensia alibana midomo, akamtazama binti yake.

Recheli aliushusha mfuko chini.

"Kula tu, mama. Vijidudu vyenyewe si ni vyako?"

Gaudensia akafungua mdomo.