Wasifu wa Ongeri

Watu wa Marani wakitaka Kiingereza, huenda kwa Mwalimu Nyanchera. Awe marehemu au bibi harusi, mtu wa hapa husomewa wasifu wake kwa Kiingereza, hata kama nusu ya wasikilizaji wanajua Kigusii peke yake. Ndiyo heshima. Na tangu Mwalimu astaafu, wasifu wote huandikwa kwenye meza yake, kwa mkono wake, bila kosa hata moja.

Safari hii wasifu ulikuwa wa mtu wake mwenyewe. Ongeri, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye Mwalimu alimlea tangu akiwa na miaka mitatu, alikuwa amehitimu udaktari wa mifugo huko Kanada. Ukoo ungemfanyia karamu Jumapili. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, Ongeri alipiga simu.

"Shangazi, katika ule wasifu usiniite 'he' wala 'she'. Niite 'they'."

"Hao ni watu wengi, mwanangu. Wewe uko mmoja."

"Najua. Lakini huku ndivyo ninavyoitwa, na ndivyo ninavyojiona. Kwa Kigusii hakuna shida, niiteni kama siku zote. Ni Kiingereza tu."

 Kwa Kigusii, kama kwa Kiswahili, neno moja humtosha mwanamume na mwanamke. Kiingereza hakikubali kumtaja mtu mpaka kijue kwanza ni yupi kati ya hao wawili.

"Nimewakata wanafunzi alama kwa jambo hilo miaka thelathini na mmoja," Mwalimu akasema.

"Hata mimi ulinikata."

"Ulistahili."

Ongeri alicheka, kisha sauti ikashuka. "Shangazi, wengine sikuwaomba. Nimekuomba wewe. Nikisomwa mbele ya watu kama mtu nisiyemjua, sitaketi chini ya hema la karamu. Nitarudi huku Kanada siku hiyohiyo."

Wasifu wa kurasa mbili ulimchukua siku nne. Kalamu ilikuwa nzito. Kila alipofika kwenye neno lile, mkono ulisita kama punda kwenye daraja. Lakini aliandika. Aliandika jinsi Ongeri, akiwa na miaka kumi na mmoja, alivyomzalisha ng'ombe wa jirani yao Geoffrey huku watu wazima wakibishana nani aitwe. Neno lile lilitokea mara kumi na moja. Kisha akampelekea Duke, mwenye saiba, duka la kompyuta karibu na soko, ampigie chapa na kutoa nakala mia moja na hamsini.

Ijumaa saa nane mchana alikwenda kuzichukua. Picha ya Ongeri ilitoka vizuri. Mwalimu akafungua ndani, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaketi.

"Duke, nani amegusa kazi yangu?"

Duke alitabasamu. Alikuwa mwanafunzi wake miaka kumi na miwili iliyopita, na bado alisimama wima akizungumza naye. "Ni mimi, Mwalimu. Niliona umechoka, nikasahihisha. Mara kumi na moja. Si wewe uliyetufundisha kwamba mtu mmoja hatajwi kama kundi? Sikutaka watu wakucheke."

Mwalimu alimtazama. Atamkasirikiaje mtu kwa kumtii? Samaki alimkunja mwenyewe angali mbichi.

"Zirudie."

"Zilichapishwa Kisii mjini, Mwalimu. Mwenye mashine ni Msabato, Ijumaa hufunga saa sita."

Mwalimu naye alikuwa Msabato. Jua likitua, hangeshika kalamu mpaka kesho jioni, na kesho jioni nyumba ingejaa wapishi na wageni. Isitoshe, Ongeri angefika leo. Akakata shauri.

"Beba hilo boksi. Chukua na kalamu mbili."

Walikaa barazani nyumbani kwa Mwalimu, yeye na mwanafunzi wake, wakikata neno la Duke na kuandika juu yake lile la Mwalimu.

"Watasema hukujua Kiingereza," Duke alinong'ona.

"Watasema."

"Baada ya miaka yote hiyo?"

"Duke, kata."

Saa kumi alikuja Mzee Ishmael wa kanisani, ambaye angeongoza sherehe na kusoma wasifu. Alitaka nakala yake ajizoeze. Akaisoma kwa midomo, akasimama, akavua miwani.

"Mwalimu, sijawahi kukusahihisha. Lakini hapa kuna kosa."

"Hakuna kosa. Soma kama ulivyoandikwa."

"Mimi ndiye nitakayesimama. Watanicheka mimi."

"Waambie ameandika Nyanchera. Wakicheka, wanicheke mimi, maana wote nimewafundisha."

Mzee alivaa tena miwani. "Na huyu mtoto mwenyewe ndivyo alivyotaka?"

"Ndivyo."

"Basi ni wasifu wake," akasema, akaikunja nakala akaitia mfukoni. "Nitaisoma polepole."

Ongeri alifika kabla ya saa kumi na mbili, begi mgongoni, viatu vya michezo vimejaa vumbi jekundu. Mwalimu alitaka kuinuka, lakini mapaja yalikuwa yamefunikwa na karatasi. Ongeri akainama akamkumbatia hivyohivyo, akachukua nakala moja. Duke aliinamia kazi kama mtu anayengoja kiboko.

Ongeri alisoma hadi mwisho. Kidole kilipita juu ya kila neno lililokatwa.

"Hizi zote umeandika kwa mkono?"

"Na Duke. Zilipata ajali kidogo njiani."

"Ajali ni mimi," Duke akasema.

Ongeri alipangusa macho kwa kiganja. "Hukuandika kwamba ng'ombe wa Geoffrey alinipiga teke."

"Nafasi haikutosha."

Jua lilikuwa limegusa vilima. Zilikuwa zimebaki nakala thelathini na nane. Duke aliuliza zifanyweje.

"Zitie jikoni, ni za kuwashia moto Jumapili. Watu watasoma kwa kuazimana."

Ongeri alikuwa bado amesimama, nakala mkononi. "Shangazi, Jumapili niketi wapi?"

"Mbele, kando yangu. Na utavaa viatu vya maana."

Mwalimu akafunika kalamu, akanyoosha vidole vilivyokakamaa, akamwambia Duke abaki ale nao. Kisha watatu wakaingia ndani, wakafunga mlango, na Mwalimu akaanza wimbo wa kuikaribisha Sabato.