Konokono wa Mchana

"Hadithi mchana? Mimi sisikilizi, Bibi," alisema Thoya, akauegemeza ufagio ukutani. "Nyanya alinionya nitaota pembe."

Bibi Agnesi akawatafsiria askari wake watatu wa Kizungu. Wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa Ujapani miaka thelathini, na sasa vita vimemleta Changamwe, kwenye nyumba hii ya juu ya reli, awafunze vijana Kijapani. Aliwafunza kwa vitabu vya watoto. Lakini walivisoma kama makarani wa gati wanaohesabu magunia, neno moja, kisha jingine, hadithi ikawafia mikononi. Ndiyo maana alimtaka Thoya, mfagiaji wa nyumba, akae awasikilize. Na Ijumaa mkubwa wa jeshi angekuja kuwapima. Wakishindwa kuhadithia bila kitabu, darasa lingefungwa na Bibi angesafirishwa kwao.

Kwao wapi, Thoya alijiuliza. Mkewe Kanze alipozidiwa, wakubwa walikuwa wamelichukua gari la wagonjwa kubebea makreti yao ya soda. Kanze alikata roho njiani, juu ya kitanda cha kamba. Tangu siku ile, ni Bibi huyu peke yake aliyemuuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" kisha akakaa chini kungoja jibu.

"Na tukifunga mapazia?" Bibi aliuliza.

Yalikuwa mapazia meusi mazito, ya kuzificha taa zisionwe na ndege za adui. Thoya akayavuta. Saa nne ya asubuhi, chumba kikawa usiku. Akajiketisha kitini.

"Haya, Koplo Nedi. Lakini kwetu msikilizaji huitikia. Ukilala, nami nalala."

Koplo akaanza. Konokono anampelekea mamake taa, mvua inanyesha. Thoya hakujua hata neno moja la Kijapani, ila aliiona ngumi ya kijana ikitambaa juu ya meza.

"Eeh," akaitikia.

Ngumi ikasonga. "Eeh." Mvua ikaongezeka, vidole vikipiga ubao. "Eeh, twende." Hata Alhamisi kitabu kilikuwa hakifunguliwi tena.

Ijumaa mkubwa akaingia, akayafungua mapazia yote.

"Nani amempa mfagiaji kiti?"

Thoya akatolewa nje. Koplo akasimama, akaanza vizuri, akakwama konokono yuko katikati ya mvua. Bibi akaitazama mikono yake mwenyewe. Mkubwa akafungua kalamu.

Nje, chini ya dirisha, Thoya alishika tambara la kudekia. Jua lilikuwa kali, kila kitu cheupe.

"Eeh," akasema.

Akapaza sauti.

"Eeh, Koplo. Twende."

Mkubwa akageuza shingo dirishani, uso mwekundu. Lakini sauti ya kijana ilikwishaondoka, inapanda, inashuka, inanong'ona. Kisha ikasita, safari hii kwa makusudi, ingoje kuitikiwa kama Thoya alivyomzoesha.

"Halafu?" aliuliza mkubwa kwa lugha yake.

Neno hilo la Kiingereza Thoya alilijua. Akasogea ukutani, maji ya tambara yakimdondokea miguuni, naye akingoja.