Nani Kautia Mshale Chumvi?

Usiku wa kuamkia leo nimeota mshale wa spidi wa gari langu umetoka kwenye kioo chake, umepanda juu ya dashibodi, unacheza ngoma.

Kwanza mjue jambo moja. Gari langu ni la mwaka sabini na moja, na mama yangu ana miaka themanini na tatu. Mama hapandi gari lolote isipokuwa hilo. Hukaa kiti cha mbele, macho kwenye mshale, na ukipita arobaini anashuka. Mdogo wake, mama mdogo Mwantumu, yuko hoi kitandani kule Lushoto, na kila siku anamwita. Mara tatu tumetoka Muheza kumfuata. Mara zote tatu, hata sokoni hatujafika, mshale umeruka kutoka ishirini hadi mia na ishirini, na Mama amefungua mlango akarudi nyumbani kwa miguu. Ukimwambia gari linatambaa, anakujibu: "Nikuamini wewe, niache kilichoandikwa?" Mafundi watatu wameshindwa. Jana nikaapa kwamba leo tunaondoka, liwalo na liwe, nikalala nimenuna.

Basi, ndotoni ni mchana kweupe. Gari liko uani, Mama kashakaa mbele, na mshale unakata mauno.

"Mbona unacheza?" nikauliza.

"Ulimwambia nini fundi wa kwanza?" mshale ukaniuliza.

"Kwamba mshale unacheza."

"Na wa pili?"

"Mshale unacheza."

"Na wa tatu?"

"Hivyo hivyo."

"Sasa mimi ni nani nimbishie mwenye gari?" Ukazungusha kiuno mpaka mia na kumi.

"Hauna hata haya," Mama akasema.

Sikutaka malumbano. Nikauliza ngoma inapigwa wapi. Mshale ukasema inatoka chini, wenyewe unapokea tu. Nikainama chini ya dashibodi, nikatokea darasani.

Mwalimu ni Gia Boksi, mnene, anajifuta oili shingoni kwa leso. Mbele yake wameketi wanafunzi: Ishirini, Arobaini, Sitini, Themanini, Mia, na nyuma kabisa Mia na Ishirini, anasinzia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kunishtaki?"

"Nimekuja kuuliza. Gari likitembea ishirini, huko juu unamtuma nani?"

"Ishirini, simama!" Ishirini akasimama, sare imepigwa pasi. "Namtuma huyu. Unadhani meno yangu yamelika? Haya, hesabu." Akapanua kinywa. Nikahesabu meno yote, taratibu, na hakuna hata moja lililolika. "Sisi huku chini tunasema kweli. Kama akifika juu anakuwa Mia na Ishirini, mtafute aliyemtia chumvi njiani."

Nikamlamba Ishirini begani. Hana chumvi. Nikaomba radhi, nikaaga.

Nje ya darasa hakuna uwanja, kuna bomba jeusi jembamba. Ninatambaa humo kwa viwiko, koleo mkononi. Kila nikisogea, ngoma inazidi: tok, tok, tok. Mwisho wa bomba, nyuma ya redio, nikamkuta mzee mmoja amejikunja kwenye pembe. Ndiye Waya wa Spidi, anayepeleka habari kutoka gia boksi hadi kwenye mshale.

Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Mama yangu mdogo anakata roho na huyu anazua maneno! Nikafungua koleo nimkate, niweke mwingine.

"Mjumbe hauawi," akasema, wala hakuinua kichwa.

"Hata mjumbe anayeongeza maneno?"

"Siongezi. Nimekunjwa. Nikizunguka, hapa kwenye kona nakwama. Najikaza, najikaza, halafu naachia kwa mkupuo, na habari zote zinafika juu kwa pamoja. Unadhani napenda?"

"Nani kakukunja?"

"Redio."

"Na redio kaileta nani?"

Mzee akainua kichwa, akanitazama kwa heshima, na heshima ile iliniuma kuliko tusi. Ni mimi. Niliifunga mwenyewe mwezi wa saba ili nisikilize mpira, na waya ulipozuia nafasi nikausukuma kando kwa bisibisi. Niliona aibu, jamani, nusura nilie.

"Samahani, mzee wangu," nikasema. Nikaishika redio.

"Hii ni taarifa ya habari," redio ikasema. "Redio haitoki."

"Inatoka."

"Na sasa michezo. Bado haitoki."

Nikaweka mguu ukutani, nikavuta. Nachungulia, kumbe tumeshapita Mombo, gari linapanda mlima na usukani hauna mtu. "Baba, fanya upesi," Mama akasema, "kona zinaanza." Nikavuta kwa nguvu zangu zote, na redio ikatoka ikisoma vifo.

Mzee akajinyoosha, mgongo ukalia. "Usininyooshe sana. Kona pana napita, kona kali ndiyo siiwezi. Na unipake grisi."

"Wapi?"

"Miguuni na mgongoni. Kichwani usiguse, itapanda kwa mshale, na mshale uliolewa grisi ni balaa jingine."

Nikampaka kwa kidole, kidogo kidogo. Ngoma ikanyamaza. Mshale ukarudi kwenye kioo chake, ukakaa thelathini na nane, ukatulia tuli. Nikaketi kwenye usukani. Mama anautazama, hapepesi. Tukapita kona ya kwanza, ya pili, ya kumi. Hakufungua mlango. Tulipofika Soni, kwenye maporomoko, jogoo wa jirani akawika, nikaamka.

Kumekucha. Nikavaa haraka, nikachukua bisibisi na kopo la grisi. Sasa nilijua pa kutafuta, na sikuwa na nia ya kuomba ushauri wa mtu. Nikatoka uani.

Mama alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, mlango umefungwa, mkanda ameuvaa.

"Shikamoo, Mama. Shuka kwanza, mshale bado sijautengeneza."

"Marahaba. Umeshautengeneza," akasema bila kugeuka. "Niliuangalia mpaka Soni, haukucheza hata mara moja. Washa gari, baba. Mdogo wangu ananingoja."